Hoffman na Mzigo wa Filamu Yenye Ila

Katika kazi zote alizotuachia marehemu Philip Seymour Hoffman, mwigizaji wa Kimarekani aliyefariki dunia mjini New York tarehe 2 Februari 2014 akiwa na umri wa miaka 46, sioni hata moja inayostahili kutazamwa tena kwa makini kuliko A Most Wanted Man, filamu ya ujasusi iliyoongozwa na Mholanzi Anton Corbijn, ambayo mtazamaji aliyeiendea kwa tamaa ya risasi na mbio za magari hana budi kunung'unika kabla haijafika nusu, na ambayo mimi, pamoja na kukubali kwamba manung'uniko hayo yana haki yake, naiona kuwa ni ushahidi wa kutosha kwamba mwigizaji mmoja, akiisha kuifahamu nafsi ya mtu anayemwigiza, aweza kuichukua mabegani filamu nzima pamoja na ila zake zote, na asiiangushe.

Asili ya filamu hii ni riwaya ya John le Carré iliyotoka mwaka 2008. Le Carré, ambaye jina lake halisi lilikuwa David Cornwell, hakuandika habari za majasusi kwa kusikia tu, kwani mwenyewe alizitumikia idara za siri za Uingereza, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipangiwa kazi Ujerumani, kwanza Bonn na kisha Hamburg, mji uo huo anaourudia katika kisa hiki akiwa mtu mzima wa makamo yaliyopita. Lakini Hamburg ya kisa hiki ni mji uliokwisha kutiwa doa, maana ndiko Mohamed Atta na wenziwe walikoishi na kufanya shauri lao kabla ya tarehe 11 Septemba 2001, na walinzi wa mji wasitambue kitu, hata aibu ile ikageuka kuwa hofu, na hofu ikageuka kuwa mashindano baina ya idara za usalama, kila moja ikitaka ionekane kuwa macho kuliko nyenziye. Katika hali hiyo ndipo kijana mmoja, Issa Karpov, ambaye mama yake ni Mchecheni na baba yake alikuwa kanali wa Kirusi, anapotoka majini bandarini usiku, mchafu, mwenye makovu ya mateso, akitafuta benki moja ambamo marehemu baba yake aliweka mali ya haramu. Wengine wote wanamwona ni mhalifu wa kukamatwa upesi. Günther Bachmann peke yake, mkuu wa kikosi kidogo cha siri ambacho sheria ya nchi haikitambui, anamwona ni chambo. Muradi wake ni kwamba Issa, asiyeitaka mali ile kwa nafsi yake, ashawishiwe kuitoa sadaka kupitia kwa Daktari Faisal Abdullah, mwanazuoni mwenye hadhi na mkusanyaji wa misaada kwa Waislamu wenye dhiki, ambaye sehemu ndogo ya fedha zake huvujia kampuni moja ya meli huko Saiprasi na kutoka huko kuwafikia watu wa silaha. Na ikiisha kuthibitika hivyo, Abdullah asifungwe, bali ageuzwe kuwa mtu wao, ili kwa njia yake wafikiwe wakubwa walio nyuma yake. Hiyo ndiyo tadbiri, na Hoffman ndiye Bachmann.

Sasa niziseme ila za filamu, nisije nikaonekana mwenye kuficha. Ya kwanza ni mwendo wake. Corbijn alikuwa mpiga picha za mnato kwa miaka mingi kabla ya kuingia katika senema, akijulikana zaidi kwa sura za wanamuziki, na tabia ile haikumtoka: anapenda kumsimamisha mtu mbele ya ukuta mkubwa, au dirishani, au kwenye daraja, kisha akamwacha hapo mpaka macho ya mtazamaji yashibe, na mara nyingi hushiba kabla yake yeye. Kwa muda wa saa mbili watu wanaingia ofisini, wanatoka ofisini, wanawasha sigara, wanasikiliza sauti za watu wengine kwa mitambo, wanangoja. Ya pili, nayo kwangu ni nzito zaidi, ni lugha. Wajerumani wa filamu hii wanasemezana wenyewe kwa wenyewe kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kijerumani, tena katika mji wao wenyewe, na wengi wa wenye nafasi kubwa si Wajerumani: Hoffman ni mtu wa jimbo la New York, Rachel McAdams anayeigiza wakili Annabel Richter ni Mkanada, Willem Dafoe mwenye benki ni Mmarekani, ilhali Nina Hoss na Daniel Brühl, Wajerumani waliokwisha kusifika kwao na ng'ambo, wamepewa maneno machache hata mtu akasikitika. Brühl, mwigizaji wa kiwango chake, anakaa mbele ya mitambo na kuvaa visikizio karibu filamu nzima. Na McAdams, simlaumu kwa uvivu, maana bidii yake inaonekana, lakini mhusika wake ameandikwa kwa haraka, akageuka moyo kutoka upande mmoja kwenda wa pili bila ya sisi kuonyeshwa vya kutosha jinsi moyo ule ulivyovunjwa. Issa mwenyewe, aliyepaswa kuwa kitendawili cha kisa kizima, anabaki kuwa kijana wa macho makubwa na kimya kirefu.

Basi filamu yenye mwendo mzito, lugha ya kuazima na wahusika waliochorwa nusu, ilipaswa kuanguka. Haikuanguka, na sababu yake ni mwili wa mtu mmoja.

Nasema mwili kwa kukusudia. Tazama Hoffman anavyoingia chumbani katika filamu hii: tumbo mbele, mabega yameinama, koti limekunjamana kana kwamba amelala nalo, sigara i mkononi kabla hajaketi, na pumzi zake zinasikika. Pumzi zile zinasikika muda wote, akipanda ngazi, akiinuka kitini, hata akiwa kimya anamsikiliza mwenzake. Nazo ndizo zinazotueleza, pasipo neno moja la maelezo, kwamba mtu huyu amekwisha kuchoka zamani, kwamba kazi imemla afya na usingizi, na kwamba hana kitu kingine duniani ila kazi iyo hiyo inayomla. Kisa kinatwambia kwa ufupi kuwa aliwahi kushindwa vibaya Beirut, mtandao wake ukafichuliwa na watu wake wakapotea, na kwamba analishuku taifa moja rafiki kuwa ndilo lililomfichua. Lakini kabla hatujaambiwa habari hiyo tumekwisha kuiona katika jinsi anavyomtazama kila mgeni mwenye tabasamu. Mwigizaji mdogo angelitafuta chozi au mkunjo wa uso ili kutuonyesha jeraha la Beirut, yeye akaliweka katika mwendo wa miguu.

Na anayetaka kupima ukubwa wa ustadi huo na aikumbuke kazi iliyompatia tuzo ya Oscar mwaka 2006, yaani Capote, ambamo mtu yuyu huyu, mkubwa wa umbo, aliikaza sauti ikawa nyembamba na ya juu, akayakunja maungo yake mpaka tukaamini kuwa tunamtazama mtu mfupi mwenye madaha. Katika Bachmann amefanya kinyume chake: sauti ameishusha chini kabisa, karibu na mnong'ono, lafudhi ya Kijerumani akaitumia si kwa kujionyesha kwamba aiweza bali kwa kuyafanya maneno yawe mazito na machache, kila sentensi ikitoka kama iliyopimwa kwanza. Ile ila ya lugha niliyoitaja, ambayo kwa wengine ni kikwazo, kwake imekuwa sehemu ya mhusika, maana jasusi ni mtu asiyesema katika lugha ya moyo wake.

Kuna mahali pamoja ambapo ningependa msomaji apatazame mara mbili. Miongoni mwa wapelelezi wa siri wa Bachmann yumo kijana Jamal, naye ni mwana wa Daktari Abdullah mwenyewe, anayempeleleza baba yake mzazi na kuleta habari. Kijana amechoka, dhamiri inamsuta, anataka kuacha. Bachmann hamtishi. Anamsogelea, anamkumbatia, anamwacha aegemee kifuani pake kama mtoto, na mkono wake mzito unatulia juu ya mgongo wa kijana kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Uso wa Hoffman katika nukta hizo ni jambo la kustaajabisha. Mna huruma ndani yake, huruma ya kweli, ya mtu ambaye huenda angelipenda kuwa na mwana. Na katika uso uo huo, wakati uo huo, mna hesabu ya mtu anayejua kuwa kumbatio hilo litamrudisha kijana kazini. Waigizaji wengi wakipewa tukio la namna hii hulazimika kuchagua, ama wakawa wapole na hila ikapotea, ama wakawa wajanja na upole ukawa wa uwongo, naye Hoffman hakuchagua. Akatuacha na mtu mmoja aliye na mambo mawili kifuani, asiyejua mwenyewe mpaka baina yao uko wapi. Mimi nimewaona wakubwa wa namna hiyo katika maisha, wenye kumpenda mtu na kumtumia kwa mkono ule ule, na sijapata kuwaona wakionyeshwa kwa insafu kama hii.

Hali kadhalika katika mazungumzo yake na Martha Sullivan, afisa wa Kimarekani anayeigizwa na Robin Wright, mwanamke mtulivu wa maneno laini. Wawili hawa wanachunguzana kama wacheza bao wazoefu. Bibi huyo anamwuliza kama huwa anajiuliza kwa nini wanafanya kazi wanayoifanya, kisha anajibu mwenyewe kwamba ni kwa ajili ya kuifanya dunia iwe mahali pa salama zaidi. Baadaye, mbele ya baraza la wakubwa wanaotaka kujua mpango wake una faida gani, Bachmann anayatoa maneno yale yale ya Sullivan, kwa sauti ile ile ya chini. Wala hatujui kama ni dhihaka, au ni hila ya kumvuta bibi awe upande wake, au ni kwamba ndani kabisa, baada ya Beirut na baada ya chupa zote alizokwisha kunywa, mtu huyu angali anaamini. Rai yangu ni kwamba anaamini. Hoffman ameliacha jambo hilo wazi kwa wenye kutaka kulibisha, lakini nukta ya kimya aliyoiweka kabla ya kusema si ya mtu anayedhihaki.

Wala nisingemlaumu mtazamaji wetu wa Afrika Mashariki akiona filamu hii haina utamu. Katika mabanda ya video ya miji yetu tumezoea filamu za kigeni zitafsiriwe kwa sauti ya mtu hodari kama Lufufu huko Tanzania au DJ Afro huko Kenya, mtu anayetia chumvi na kicheko na majina ya mitaa yetu, na kila mtoto anajua kanuni ya kwamba stelingi hafi, tena hashindwi. Ama Bachmann, mfasiri atamsemea nini? Nusu ya kazi yake imo katika kimya, na mwisho wake ni kushindwa. Lakini kwa upande mwingine wako watazamaji wachache duniani waliokaribiana na kadhia hii kama sisi. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yaliripuliwa kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, na wengi kabisa wa waliokufa walikuwa watu wetu. Baada ya msiba ule mashirika kadhaa ya misaada ya Kiislamu yalifutiwa usajili nchini Kenya, na mwanachuoni mwenye kukusanya zaka na sadaka kwa ajili ya mayatima akajikuta anatazamwa kwa jicho jingine. Na mwaka 2007 watu wengi walisafirishwa kwa ndege kutoka Kenya kwenda Somalia na kisha Ethiopia pasipo kusomewa shitaka mbele ya kadhi wala hakimu. Daktari Abdullah wa Hamburg, kwa hiyo, si mtu wa mbali kwetu. Twamjua, au twamjua anayefanana naye, na swali la kwamba mtu mwema kwa asilimia tisini afanyweje kwa ajili ya zile kumi zilizobaki si swali la vitabuni katika Mombasa, Lamu au Unguja.

Ndiyo maana mwisho wa filamu unatupasa sisi kuliko wengi. Kila kitu kimekwenda sawasawa. Abdullah ametia sahihi, jina la kampuni ya meli limo katika karatasi, Issa anangoja hati ya kumruhusu kukaa nchini, na Bachmann mwenyewe amejifanya dereva wa teksi nje ya benki ili amchukue daktari kwa upole ampeleke mahali pa kuzungumza. Kwa mara ya kwanza katika filamu nzima mabega ya Hoffman yamelegea kidogo. Ghafula magari yanakuja kwa kishindo, teksi inagongwa, watu waliofunika nyuso wanamkokota Abdullah, wanamkokota na Issa, na wanatoweka. Na Sullivan aliyemwahidi muda yuko pale pale, anatazama. Hapo ndipo Bachmann, ambaye kwa karibu saa mbili hakupaza sauti yake ya kweli hata mara moja, anasimama katikati ya barabara na kupiga ukelele wa tusi, tena na tena, kifua kikipanda na kushuka, mikono haina pa kwenda.

Nasema wazi kwamba ukelele ule ndio uliolilipa deni la filamu. Kama mwendo ungelikuwa wa mbio tangu mwanzo, kama Hoffman angelitupa hasira zake hapa na pale ili kutuchangamsha, ukelele ule ungelikuwa kelele moja miongoni mwa kelele. Lakini yeye aliweka akiba. Kila mnong'ono, kila kimya, kila pumzi iliyovutwa kwa taabu katika ngazi za ofisi ilikuwa ni kuikusanya nguvu hii. Na yule Corbijn tuliyemlaumu kwa kukawia kumbe alikuwa na mwigizaji mmoja aliyejua kukawia kuna kazi gani. Ila ya mwongozaji haikufutika kwa ajili hiyo. Katika matukio asiyokuwamo Hoffman, mwendo ule ule unabaki kuwa uzito mtupu, na mtazamaji hujikuta anatazama saa. Anaporudi yeye, uzito unageuka kuwa subira. Huo ndio ushahidi wangu, na ni rahisi kwa kila mtu kuujaribu: zitenge dakika zake na dakika za wengine, uone kama ni filamu moja.

Wako wanaosema kwamba sifa hizi zote ni za rambirambi, kwamba tunamtukuza Bachmann kwa sababu aliyemwigiza alikufa kabla filamu haijafika katika majumba ya senema mwezi Julai 2014, na kwamba tunaziona katika uso wa mhusika ghamu na maradhi tuliyoyajua baadaye kwa mwigizaji. Naielewa hoja hiyo, maana ni vigumu kumtazama mtu aliyechoka vile ukasahau yaliyompata. Lakini picha zilipigwa Ujerumani mwaka 2012, na filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance tarehe 19 Januari 2014, Hoffman akiwa hai. Na kila nililolitaja hapa, mwendo wa miguu, sauti iliyoshushwa, kumbatio la Jamal, akiba ya ukelele, ni mambo ya kuchagua na kupanga, ya mtu aliyejua kila siku ya kazi ametia kiasi gani na amebakisha kiasi gani. Uchovu wa Bachmann una mpango ndani yake, na mpango huo ni kazi ya mwigizaji mwenyewe. Kuyataja mauti kila tunapoitaja kazi hii ni kumnyang'anya ustadi wake na kumpa huruma tu, hali hakuomba huruma.

Tuzo za Oscar zilipotolewa mwanzoni mwa mwaka 2015, jina lake halikuwamo miongoni mwa wagombea. Yamkini wapigaji kura waliipima filamu, wakaiona nzito na yenye kasoro, wakamhukumu mwigizaji kwa mizani iyo hiyo; na hilo ndilo kosa ninalolilalamikia, maana aliyeibeba filamu ile alistahili kupimwa kwa mzigo aliouchukua.